Safu ya Lugha: Fidia si kikomboleo

Fidia ni neno la asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo humaanisha mali ya kumkomboa mateka, na pia chakula ambacho asiyeweza kufunga Ramadhani humpa maskini. Katika Kiswahili cha leo, fidia hulipwa aliyepata hasara: mwenye shamba lililopitiwa na barabara, au mfanyakazi aliyeumia kazini. Kwa hiyo kusema kampuni imewalipa wadukuzi walioiba data zake “fidia” ni kosa zito, kwani humfanya mwizi aonekane ndiye aliyedhulumiwa.

Neno linalofaa zaidi ni kikomboleo, kutokana na komboa, kama mtu anavyokomboa pete aliyoiweka rehani: pesa huenda, pete hurudi kidoleni. Lakini data zilizoibwa hazirudi hivyo. Nakala hubaki kwa mwizi. Mwaka 2024, kampuni ya bima ya afya ya Marekani, UnitedHealth, ililipa dola milioni 22 kwa bitcoin baada ya kampuni yake ya Change Healthcare kudukuliwa na data zake kuibwa. Haukupita muda, kundi jingine la wadukuzi likadai kuwa na data hizo na kutaka malipo mapya. Malipo yasiyokomboa kitu hayastahili hata jina la kikomboleo. Hizo ni pesa za vitisho, na kampuni haipaswi kuzitoa.