Mpaka Uliokatiza Njia ya Kulungu

Wakati wa baridi kali kulungu wa Aktiki hufukua theluji kwa kwato zake, akitafuta malisho laini ya kijivu yaliyotambaa ardhini. Pwani ya kaskazini ya Norwei mvua huweza kunyesha katikati ya baridi, kisha maji yakaganda. Kwato hugonga barafu, mnyama akafa njaa na chakula kiko chini ya miguu yake. Bara, kuelekea Ufini na Uswidi, baridi ni kavu na theluji hufukulika. Lakini kiangazi kikiingia, mbu wa bara hawavumiliki, na kundi hutaka upepo wa bahari. Ndiyo maana Wasami wengi wa kaskazini, wenyeji wa asili waliofuga kulungu hao, walihama kila mwaka: baridi bara, kiangazi pwani, kila familia ikiwatambua kulungu wake kwa alama zilizokatwa masikioni.

Kwa muda mrefu hapakuwa na mpaka uliopimwa. Palikuwa na watoza kodi tu, na Msami mmoja aliweza kudaiwa na watawala wawili, hata watatu. Katika miaka ya 1740 meja Peter Schnitler alizunguka akiwahoji Wasami wenyewe kuhusu milima, mito na malisho, ili Denmark, iliyokuwa imeungana na Norwei, ijue ardhi yake inaishia wapi.

Mwaka 1751, mjini Strömstad, mpaka na Uswidi ukakubaliwa. Kwenye mkataba huo kuliambatishwa waraka wa vifungu 30 uliowahusu Wasami, nao kwangu ni waraka wa heshima kubwa. Kila mmoja angekuwa raia wa upande mmoja na kulipa kodi huko tu. Angevuka na kulungu wake kama ilivyokuwa desturi, kwa ada ndogo. Na vita vikizuka, bado angepita, bila kuhesabiwa adui.

Watawala waliofuata hawakuwa na subira hiyo. Ufini, iliyokuwa sehemu ya Uswidi, iliangukia mikononi mwa Urusi mwaka 1809, na mwaka 1852 mpaka wake na Norwei ukafungwa kwa wafugaji. Baadhi ya familia za Kautokeino, upande wa Norwei, zikajiandikisha Uswidi, maana kutoka huko njia ya kuingia Ufini ilikuwa bado wazi. Mwaka 1889 nayo ikafungwa.

Kisha, mwaka 1919, Norwei na Uswidi zikapunguza idadi ya kulungu wa Uswidi walioruhusiwa kulishwa pwani ya Norwei. Maofisa wa Uswidi wakazihamisha baadhi ya familia za Karesuando, kaskazini mwa Uswidi, kwenda kusini, mpaka Jokkmokk na kwingineko, kwenye malisho ambayo tayari yalikuwa na Wasami wengine. Kwa Kisami cha Kaskazini uhamisho huo huitwa bággojohtin, kuhama kwa kulazimishwa. Watu walifika na mizigo na watoto wao. Kulungu, walipopata mwanya, waligeuka wakaanza kurudi kaskazini.