Spea, Jeki na Mikungu ya Ndizi: Vile Utapanga Buti ya Ndai Yako Kisii na Nyamira Bila Kuacha Tairi Nyumbani

Simama Daraja Mbili pale Kisii siku ya soko uangalie vile magari hupakiwa. Mikungu ya ndizi inaingia moja baada ya ingine, alafu inabaki gunia moja ya avokado. Dere anakuna kichwa, anachungulia buti, anaamua kutoa spea. "Hii niwekeeni hapo dukani, nitaipitia kesho." Nafasi imepatikana, na shida pia imepatikana.

Tatizo ni hili: kwa gari nyingi, ukitoa spea hupati nafasi ya maana. Unabaki na shimo la duara ambalo gunia haliingii vizuri. Na umeacha kitu pekee cha kukutoa ukipigwa pancha saa tatu usiku kwa barabara ya Kisii–Nyamira–Chemosit, mvua ikinyesha na network imelala.

Kwa hivyo usilaumu spea. Buti yako inaliwa na mpangilio mbaya. Hii hapa rada yote, kutoka tairi mpaka kamba.

Jua spea yako inaishi wapi

Kuna mitindo mitatu.

Ya kwanza ni spea kwa shimo chini ya kapeti ya buti. Hii ndio ya saloon na gari ndogo nyingi, kina Vitz na Fielder.

Ya pili imening'inia chini ya gari kwa cheni au waya. HiAce na Hilux ziko hivyo. Hapa buti haiguswi kabisa, lakini matope yote ya barabara za vituo vya majani chai yanaishia kwa hiyo tairi.

Ya tatu imefungwa kwa mlango wa nyuma, kama Jimny, Prado nyingi na RAV4 za kitambo.

Hujui yako? Fungua buti, inua kapeti. Kama hakuna shimo, piga magoti uchungulie chini ya bampa. Usingoje siku ya pancha ndio uanze kutafuta.

Kama yako iko chini ya gari, kila mwezi ishushe kabisa, osha ile cheni, weka grisi, alafu uirudishe. Ikishika kutu haitashuka ukiihitaji. Mbaya zaidi, inaweza kukatika na kuachilia tairi katikati ya barabara, na nyuma yako kuna boda imebeba watu watatu.

Kagua kabla ya kupanga

Spea bila hewa ni kiti cha kukalia ukingoja msaada. Pima hewa kila mwezi. Spea ya saizi kamili ijaze kama tairi zingine, ama juu kidogo. Ile nyembamba ya dharura, yenye herufi T mbele ya saizi, huwa inataka 60 psi. Hiyo ni karibu mara mbili ya tairi ya kawaida. Wasee wengi huiweka 30 alafu wanashangaa mbona inabonyea.

Angalia umri pia. Kwa ukuta wa tairi kuna namba nne za mwisho za kodi ya DOT. Ikisema 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi inazeeka hata ikikaa bure, na ikipita miaka 10 iage tu, hata kama alama zake bado ni mpya.

Tatu, hakikisha rim inaingia. Rim ya mashimo 4 haiwezi kuvaa gari ya nati 5. Ukinunua gari kwa mtu, jaribu kuifunga hiyo spea mchana, ukiwa nyumbani.

Pindua rim upate droo ya bure

Hii ndio siri watu wengi hulala juu yake. Rim iko na upande wa sura na upande wa ndani wenye shimo refu. Laza spea na sura ikiangalia chini, ule upande mrefu uangalie juu. Ghafla uko na bakuli katikati ya tairi.

Hapo ndani weka jeki, wilspana, kishikio cha jeki na glavu. Zifunge kwa gunia kuukuu ama kitambaa kizito ndio zisipige kelele kila bampu. Kisha kaza ile skrubu kubwa ya katikati. Kama inakataa kufika kwa rim, usiiache ikining'inia. Tafuta fundi akupee ndefu.

Kagua pia chini ya shimo lenyewe. Kuna vizibo vya mpira pale. Kwa mvua ya Gusii maji huingia kupitia mpira wa mlango ama taa za nyuma, yanajaa pale chini polepole. Maziwa yakimwagika nayo pia huishia hapo. Ukisikia harufu ama ukiona kutu, toa kila kitu, kausha, ubadilishe mpira. Bodi ikitoboka, hutakuwa na mahali pa kufunga spea.

Spea kubwa kuliko shimo

Umeamua kutupa ile nyembamba na kuweka saizi kamili? Poa sana kwa barabara zetu. Lakini kapeti itainuka katikati kama kichuguu, na mzigo utayumba.

Dawa ni sakafu ya ubao. Pima upana na urefu wa buti, kata plywood ya mm 12, weka vipande vya mbao pembeni mpaka ilingane na urefu wa tairi. Acha tundu la kupitisha mkono, ama ikate vipande viwili ndio uweze kuinua kimoja bila kutoa mzigo wote. Umepoteza sentimita chache za urefu, lakini umepata sakafu tambarare, na zile pembe nne kando ya tairi zimekuwa stoo. Hapo ingiza kamba, laifseva, pampu na kebo za betri.

Hutaki kuinua sakafu? Simamisha spea wima nyuma kabisa ya siti, karibu na ukuta wa buti, uifunge kwa vile vikulabu vya chuma vya sakafuni. Tumia mshipi wa kufungia mzigo. Blada ya boda ni sawa kwa mikungu, lakini kwa tairi inavutika sana, haitoshi.

Kuweka juu ya kerea inawezekana, lakini uzito juu unafanya gari iegemee kwa kona, na hizi milima za Manga hazina huruma. Kama lazima, weka kufuli, na ile kitu nzito ingine iende chini.

Gari ilikuja bila spea

Gari nyingi za siku hizi kutoka Japan, haswa haibridi, hushuka Mombasa zikiwa na pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba, basi. Hiyo dawa inasaidia tundu la msumari mdogo kwa uso wa tairi. Ukuta ukichanwa na jiwe, haifanyi chochote. Na chupa huwa na tarehe ya kuisha, isome.

Kama unaishi mjini na huendi mbali, sawa. Kama kila wikendi uko ocha, tafuta spea. Nunua pamoja na jeki na wilspana, kwa sababu gari ya aina hiyo mara nyingi hukosa vyote.

Vifaa vya lazima, na mahali pake

Wilspana sio moja kwa wote. Nati za Toyota nyingi ndogo zinataka 21 mm, za Honda nyingi ni 19 mm. Ijaribu kwa nati yako leo. Zile rim za kishua wakati mwingine ziko na nati moja ya usalama yenye funguo yake. Ikipotea umeisha.

Orodha fupi: jeki, wilspana, bomba la kuongeza nguvu, kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30, mawe mawili ama kabari, tochi, glavu, geji ya hewa, kamba ya kuvuta, koti la kuakisi mwanga, na laifseva mbili, zile pembetatu nyekundu. Hizo za mwisho ni sheria ya trafiki, sio urembo.

Kanuni ya kupanga ni rahisi: kile utahitaji kwanza kisikae chini ya mzigo. Laifseva, tochi na koti ziende chini ya siti ya dere ama mfuko wa mlango. Jeki na wilspana, kama unabeba mizigo kila siku, zitoe kwa shimo uzifunge kando ya buti ama chini ya siti ya mbele. Ukipata pancha utatoa mikungu michache tu ufikie spea, sio kufungua duka lote kando ya barabara.

Mzigo wenyewe

Vizito chini na mbele, karibu na mgongo wa siti. Vyepesi juu na nyuma. Gunia la viazi lianze, mikungu ifuate, nyanya zimalize. Ndizi tandikia majani ya mgomba chini na pembeni, hazitachubuka na sakafu haitanata utomvu. Kama ni mawe ya Tabaka yaliyochongwa, funga moja moja na yakae sakafuni, kamwe sio juu ya gunia.

Acha mstari mmoja wa nafasi mbele ya kifuniko cha spea, ama panga mzigo wa juu yake uwe ule mwepesi wa kutoa haraka.

Alafu heshimu uzito. Probox van, mfalme wa hizi barabara, imeandikwa kwao Japan kilo 400 ikibeba watu wawili, na kilo 250 ikibeba watu watano. Kumaanisha ukijaza siti, buti inapungua. Mkungu mmoja mkubwa unaweza kupita kilo 30, fanya hesabu. Kutoa spea ya kilo 12 ama 15 ndio uongeze nusu mkungu ni biashara ya hasara.

Na buti sio siti. Ile maneno ya kuweka watu nyuma na jeki kati ya miguu yao, wacha. Hakuna mkanda hapo. Gari ikigonga kitu ikiwa 50 km/h, chochote ambacho hakijafungwa kinaendelea mbele na nguvu ya kitu kilichoangushwa kutoka karibu mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu. Sasa fikiria hiyo ni tairi nzima na rim ya chuma, na mbele yake kuna kichwa cha mtoto wa dada yako. Spea isiyofungwa ni hatari kuliko kukosa spea.

Pancha kwa mlima: hatua kwa hatua

1. Usisimame kwa kona. Songa polepole mpaka mahali tambarare na panaonekana. Tairi inaweza kuharibika, maisha hayana spea.

2. Washa taa za dharura, shusha watu wote, waende kando mbali na barabara. Weka laifseva mbele na nyuma, mapema, kabla ya kona kama kuna kona. Matawi sio laifseva, na wasee huyasahau barabarani.

3. Vuta hendbreki, weka P ama gia ya kwanza. Zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe, upande wa mteremko.

4. Legeza nati gari ikiwa bado chini. Ukizilegeza ikiwa juu, inaweza kuanguka kwa jeki.

5. Weka ubao chini ya jeki kama ni matope ama murram. Inua mahali palipowekwa alama chini ya bodi. Laza spea chini ya ubavu wa gari wakati unafanya kazi. Jeki ikiteleza, gari itaangukia tairi badala ya mguu wako. Usiingize mwili wako chini hata kidogo.

6. Funga nati kwa kuruka, kama nyota, sio kwa duara. Shusha, kaza tena. Zipime upya baada ya kilomita 50 hivi.

Kama spea ni ile nyembamba, usipite 80 km/h. Na kama gari inavutwa na tairi za mbele na pancha ni ya mbele, toa tairi nzuri ya nyuma uipeleke mbele, alafu nyembamba ikae nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini kupanda Manga kwa matope na tairi nyembamba mbele ni kuteleza tu.

Kesho yake peleka iliyotoboka kwa fundi wa pancha. Wengi huirusha kwa buti na kusahau. Pancha ya pili haitakuuliza kama ya kwanza ilizibwa.

Jioni ya leo

Dakika kumi zinatosha. Toa kila kitu kwa buti, pima hewa, jaribu wilspana kwa nati, pindua rim, funga skrubu, weka laifseva chini ya siti. Kisha pakia mzigo wako wa kesho uone. Wengi watashangaa: spea imo ndani, na ile gunia ya avokado pia imeingia.

Safari njema, na ukimpita msee amekwama bila spea, simama umuulize nati zake ni ngapi.