Usahihishaji wa Tahajia katika Komenti za Programu Huria

Komenti ni maelezo ambayo mwandishi wa programu huyaacha kati ya mistari ya msimbo ili mwenzake aelewe kinachofanyika. Kompyuta huyaruka. Kusahihisha tahajia yake, basi, hakubadilishi chochote programu inapoendeshwa, na ndiyo maana katika programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kupendekeza badiliko, wachangiaji wengi wageni huanzia hapo.

Kosa huainishwa kwanza kwa mahali lilipo. La kwenye komenti hurekebishwa bila hofu. La kwenye ujumbe unaomfikia mtumiaji linahitaji uangalifu, kwa kuwa tafsiri mara nyingi hufungamanishwa na matini asilia herufi kwa herufi. Ikiguswa herufi moja, tafsiri hupotea. La kwenye jina la kigeu au la amri ni zito zaidi, maana kila sehemu inayolitaja jina hilo lazima ibadilike nalo, zikiwemo programu za watu wengine. Kichwa cha HTTP, itifaki ya wavuti, kiitwacho Referer kilikosa r moja, kikaingia hivyo katika waraka RFC 1945 wa 1996, na hakijarekebishwa mpaka leo.

Majina ya mahali ni kundi la pekee, na Kaunti ya Isiolo nchini Kenya inalionyesha vizuri. Huko husemwa Kiborana, Kisamburu, Kiturkana, Kimeru, Kisomali na Kiswahili, na jina moja huandikwa kwa namna kadhaa: Garba Tulla, Garbatulla au Garba Tula, Bulla Pesa au Bulapesa, Ngare Mara au Ngaremara. Hizi ni tahajia mbadala, wala si makosa, na anayezilazimisha zifanane anaharibu kumbukumbu. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004, huzitenga kwa lebo: name kwa jina kuu, alt_name kwa jina mbadala, old_name kwa la zamani.

Mto Ewaso Ng'iro una tatizo lake. Sheria ya 1989 iliyounda mamlaka ya maendeleo ya bonde lake la kaskazini, yenye makao makuu mjini Isiolo, huandika Ng'iro. Kwingine huandikwa Nyiro. Ndani ya komenti ya kawaida ritifaa ya Ng'iro, yaani alama ile ya ', haidhuru. Jina likiwekwa kati ya alama moja za kunukuu katika lugha za kompyuta kama Python au SQL, ritifaa huifunga nukuu mapema: kompyuta husoma Ewaso Ng, kisha hukumbana na iro isiyojua ni ya nini, na kazi hukwama hapo hapo. Katika Python hutumiwa alama mbili za kunukuu. Katika SQL ritifaa hurudiwa. Kuifuta ili msimbo upite ni tiba mbaya, kwani ng' na ng ni sauti mbili tofauti.

Vifaa vya ukaguzi ni vya aina mbili. Kimoja hulinganisha kila neno na kamusi, na kwa hiyo hulalamikia majina ya Isiolo kama Kinna, Merti na Sericho bila kuchoka. Kingine hutafuta tu makosa yaliyokwisha kuorodheshwa: ndivyo codespell inavyofanya kazi, na ndivyo ilivyo orodha ya spelling.txt ndani ya kiini cha Linux, ambamo kosa na usahihi wake hutenganishwa kwa mistari miwili ya wima. Kwa msimbo uliojaa majina ya Kiafrika aina hii ya pili inafaa zaidi, ijapokuwa haioni kosa geni.

Thamani ya marekebisho haya hubishaniwa. Mwaka 2020 kampeni ya Hacktoberfest, iliyoahidi fulana kwa wachangiaji, ilimwaga mapendekezo yasiyo na maana kwenye miradi mingi, hata waandaaji wakabadili kanuni mwezi huo huo ili mradi ushiriki kwa hiari tu. Miradi makini hutaka marekebisho ya tahajia yatengwe na mabadiliko ya utendaji, maana yakichanganywa mkaguzi hushindwa kuona mstari uliobadili tabia ya programu. Tangu toleo 2.23 la 2019, git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, huweza kuagizwa kiruke badiliko la namna hiyo kinapoonyesha nani aliandika mstari upi.