Nani Alishika Kalamu? Tovuti za Kuburuta na Msomaji Asiyeona

Ukishuka kwenye basi Makambako huhitaji macho kujua uko wapi. Barabara ya Songea inachepukia hapo kutoka barabara kuu ya Tanzania na Zambia, reli ya TAZARA inapita hapohapo, na mji mzima unatangazwa kwa mdomo. Wapiga debe wanaita Njombe, Songea, Mbeya, wengine wanakuvuta na mkono kabisa. Mtu asiyeona aliyetoka Ilembula, akipitia Makambako kwenda Njombe mjini, atafika. Sasa mpe mtu huyohuyo simu, mwambie afungue tangazo la nafasi za kazi lililowekwa kwenye tovuti. Hapo ndipo anapoweza kukwama, na kukwama huko kuna historia ambayo watu wengi wanaotengeneza tovuti hawajawahi kusimuliwa.

Tuanzie kwenye karatasi. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950 chini ya Kanisa Anglikana, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanganyika. Mwanafunzi alisoma nukta nundu kwa vidole, na kila kitabu alichosoma ilikuwa lazima kwanza mtu akigeuze kuwa nukta hizo. Kisichogeuzwa hakikusomeka. Gazeti la leo, barua ya serikali, tangazo la zabuni, vyote hivyo mtu alisubiri jirani mwenye macho na mwenye muda.

Kompyuta ilibadili hali hiyo kwa sababu moja rahisi: maandishi ndani ya kompyuta hayana umbo. Ni herufi tu zilizohifadhiwa, na mashine inaweza kuzionyesha, kuzichapa au kuzitamka. Mwaka 1989 Mmarekani Ted Henter, mwendesha pikipiki za mashindano aliyepoteza uwezo wa kuona kwenye ajali ya gari, alitoa programu ya kusoma skrini kwa sauti, JAWS. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, akaanza kuandika nyingine, NVDA, ya bure kabisa. Mwaka 2009 simu za Android zikapata TalkBack. Hii ya mwisho ndiyo iliyotufikia huku kwetu, maana wengi wetu kompyuta yetu ya kwanza ni simu.

Tim Berners-Lee naye, alipoandika kivinjari cha kwanza mwaka 1990, alikifanya kiwe pia kihariri. Ulisoma na kuandika palepale. Vivinjari vilivyokuja baadaye vikabaki na kusoma tu, na kuandika ukurasa kukawa kazi ya anayejua msimbo. Pengo hilo ndilo lililozaa biashara. Mwaka 1995 ikatoka FrontPage, Microsoft ikainunua Januari 1996: unachora ukurasa kama unavyouona, programu inaandika msimbo nyuma ya pazia. WordPress ikaja 2003, Wix 2006, Elementor 2016. Siku hizi mwenye gesti au shule binafsi halazimiki kumlipa mtaalamu wa msimbo. Anaburuta picha, anadondosha kitufe, jioni tovuti iko hewani.

Mimi siwalaumu wanaoburuta. Lakini angalia kilichotokea hapo. Zamani mwandishi wa ukurasa alikuwa anaandika mwenyewe kwamba hiki ni kichwa cha habari, kile ni kiungo. Programu ya kusoma skrini inategemea alama hizo: mtu anaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine kama wewe unavyopitisha jicho. Mwenye kuburuta haoni alama hizo wala hajui zipo. Anakuza herufi na kuzikoleza, anaona kichwa cha habari; nyuma ya pazia ni aya ya kawaida tu, na anayesikiliza hana pa kurukia. Anaweka kitufe chenye picha ya simu bila maelezo, anayesikiliza anaambiwa “kitufe”. Cha nini? Anadondosha kisanduku juu ya kingine, macho yanaona mpangilio mzuri, masikio yanapata bei kabla ya jina la bidhaa. Kalamu imehamia kwa aliyetengeneza kifaa.

Wapo walioliona hili mapema. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kurasa zinazofikiwa na wote mwezi Mei 1999, na huo ndio unaotajwa kila mahali. Lakini Februari 2000 ulitoka mwongozo mwingine, ukahuishwa 2015, unaohusu vifaa vya kutengenezea kurasa. Unadai mambo mawili: kifaa kimsaidie mtumiaji kutoa ukurasa usiomfungia mtu nje, na kifaa chenyewe kiweze kutumiwa na mwenye ulemavu. Hilo la pili watu hulisahau. Tunamfikiria asiyeona kama msomaji tu, kana kwamba hawezi kuwa na duka la kulitangaza. Na kuburuta kwenyewe, ukishika kitu kwa kipanya na kukisogeza, ni kazi ambayo asiyeona au mwenye mikono inayotetemeka hawezi kuifanya.

Mwaka 2018 jambo hilo lilipasuka hadharani. WordPress walikuwa wanaleta kihariri kipya cha visanduku, Gutenberg, na Oktoba ya mwaka huo kiongozi wa timu yao ya ufikivu, Rian Rietveld, akajiuzulu akieleza wazi kwamba kazi hiyo haikupewa nafasi iliyostahili. Desemba kihariri kikatoka hivyohivyo. Kimerekebishwa sana tangu hapo, lakini kurekebisha nyumba iliyokwisha kuezekwa mnajua gharama yake.

Wengine wakatafuta njia ya mkato: kibandiko unachokipachika kwenye tovuti mbovu, kikaahidi kuiponya chenyewe. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kuitoza kampuni moja ya vibandiko hivyo, accessiBe, dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha wateja.

Kwetu, kisa kikubwa ni cha Machi 2017. TAMISEMI, kwa msaada wa mradi wa PS3 wa Wamarekani, ilizindua tovuti za halmashauri 185 na mikoa 26 kwa mpigo. Njombe imo, Makambako imo, na Wanging'ombe, wilaya yenye Ilembula, imo. Maofisa TEHAMA na maofisa habari walifundishwa kuzijaza. Hawakuandika msimbo, mfumo ni mmoja, nao wanaweka habari, picha na matangazo kwenye nafasi zilizokwisha kupangwa. Si kuburuta kwa maana ya Wix, lakini mantiki ni ileile, na kwa maoni yangu ina nafasi nzuri kuliko Wix. Mfumo ukiwa mmoja, kosa la kiolezo linazaliwa mara 211, ila na dawa yake ni moja vilevile. Anayeshika kiolezo akirekebisha, Wanging'ombe inapata bila mtu wa Wanging'ombe kufanya lolote.

Nusu nyingine hairekebishiki kutoka Dodoma. Tangazo linachapwa, linasainiwa, linagongwa mhuri, halafu linapigwa skani na kupandishwa. Kwetu mhuri ni jambo kubwa, karatasi isiyo na mhuri nani ataiamini? Lakini skani ni picha. Herufi zilizokuwa na uwezo wa kutamkwa zimegeuka wino tena, na msomaji wetu amerudi kwenye kumsubiri jirani. Nakala ileile ya Word iliyotumika kuchapa ingewekwa pembeni ya ile yenye mhuri, kazi ingekwisha kwa dakika mbili.

Kuna na jambo dogo la lugha, ambalo nadhani ni letu zaidi kuliko la Wazungu. Kila ukurasa hujitambulisha mwanzoni kwamba umeandikwa lugha gani, kwa herufi mbili: sw kwa Kiswahili, en kwa Kiingereza. NVDA inakuja na sauti za eSpeak, na Kiswahili kimo (sauti kama ya roboti mwenye mafua, lakini inaeleweka). Programu ikiona sw inatamka Kiswahili. Ikiona en inatamka kwa kanuni za Kiingereza, hata kama kila neno ni la Kiswahili. “Pole” inakuwa mlingoti wa Waingereza, na mji wa Same unatamkwa kama neno lao la “sawa”. Sikiliza aya nzima ya hivyo uone kama utaambulia kitu. Violezo vingi vinatengenezwa nje vikiwa na en tayari, na mwenye kuburuta haonyeshwi kamwe hizo herufi mbili zilipo. WordPress ina mahali pa kuchagua lugha ya tovuti kwenye mipangilio. Nenda kaangalie yako imesema nini.

Sheria hatujakosa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu Novemba 2009, na kifungu chake cha 9 kinataja intaneti kwa jina. Sheria yetu Na. 9 ikafuata mwaka 2010. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Na tusijifariji kwamba wenzetu wameshamaliza: shirika la WebAIM lilipopima kurasa za mbele za tovuti milioni 1 mwaka 2019, asilimia 97.8 zilikutwa na makosa yanayotambulika kwa mashine. Mwaka 2024 zilikuwa 95.9.

Kuhusu kuburuta kwenyewe, toleo la W3C la Oktoba 2023 hatimaye limeongeza kanuni: kitu chochote kinachofanyika kwa kuburuta lazima kiwe na njia nyingine ya kukifanya, kwa kugusa tu bila kuvuta. Vihariri vingine vimekwisha kuweka vitufe vya “juu” na “chini” pembeni ya kila kisanduku. Vitafute kwenye kifaa unachotumia, na kama havipo, waandikie waliokitengeneza.