Ramani ya Burkitt, kutoka Manyatta hadi Nandi

Manyatta, mtaa wa Kisumu, iko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,100. Kapsabet, huko Nandi, inakaribia 2,000. Matatu inaondoka Kondele madirisha yote yakiwa wazi, inapita Mamboleo, kisha inaanza kupanda kuelekea Kiboswa, Majengo na Chavakali. Tukifika Kaimosi, madirisha yamefungwa na mama mmoja anamvisha mwanawe sweta. Kati ya joto la Kondele na sweta ya Kaimosi unapita mpaka wa ugonjwa, saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt, na aliyeutambua mpaka huo ni mgeni mwenye jicho moja.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ayalandi, mwaka 1911. Alipoteza jicho la kulia akiwa na miaka 11, na baadaye kasoro hiyo ikamnyima kazi ya utabibu katika makoloni. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfikisha Kenya na Somalia, akiwa daktari mpasuaji wa jeshi. Mwaka 1946 akaajiriwa Uganda, kwanza Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuelewa: usaha hushika upande mmoja, na saratani huanzia mahali pamoja. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akamwona msichana mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima, akakuta na tumbo lina uvimbe.

Mpasuaji mwingine angeishia kwenye kisu. Burkitt aliuliza ugonjwa huo uko wapi, na wapi haupo. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha picha na maswali, akayatuma kwenye hospitali za Afrika. Oktoba 1961 alifunga safari na madaktari wa misheni Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya Ford kuukuu. Walikwenda hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakiuliza swali hilo katika hospitali 57.

Afrika Mashariki, jibu lilikuwa mwinuko: ukishapita mita 1,500 hivi, ugonjwa unatoweka. Burkitt akashuku kuna virusi vinavyobebwa na mbu, ambao huadimika kwenye baridi. Virusi vilipatikana kweli. Michael Epstein, aliyemsikia akihutubia London mwaka 1961, aliviona mwaka 1964 pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, katika seli za uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Lakini virusi hivyo huambukizwa kwa mate, na karibu kila mtu duniani anavyo. Kazi ya mbu ilikuwa nyingine: kuleta malaria.

Ushahidi mmoja ulitoka kwenye njia hii ninayoipanda. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani walilinganisha damu ya watoto wa Kisumu na wa Nandi. Virusi vilikuwa pande zote mbili, ila watoto wa Kisumu, ambako malaria haikauki, walikuwa navyo kwa wingi zaidi na waliambukizwa wakiwa wadogo zaidi. Malaria ya mara kwa mara huidhoofisha kinga inayovidhibiti.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akavuma tena kwa kuwahimiza Wazungu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, na akafariki mwaka 1993. Kabla ya kuondoka alikuwa ameonyesha kwamba uvimbe huu huyeyuka kwa dawa, wakati mwingine kwa dozi chache tu. Shida ni kuchelewa. Mara nyingi dalili ya kwanza ni jino la mtoto kulegea kabla ya wakati wake, na mzazi akafikiria kung'oa. Wakati huohuo uvimbe unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa mkazi wa Manyatta, Hospitali ya Jaramogi, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, haiko mbali. Jino likicheza na taya likafura, mtoto apelekwe huko kabla ya koleo.