Hongo, Watemi na Watani: Umoja wa Unyamwezi katika Karne ya 19

Umoja wa Ulaya ulijengwa kwa biashara kwanza na hisia baadaye. Mkataba wa makaa ya mawe na chuma ulitiwa saini mwaka 1951, ule wa Roma wa soko la pamoja mwaka 1957, na uraia wa Umoja, hadhi inayomwezesha Mfaransa anayeishi Ujerumani kupiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa huko, ukaanza kutumika mwaka 1993 chini ya Mkataba wa Maastricht. Hata hivyo swali la kama raia hao wanajiona watu wamoja halijapata jibu. Nchi za Unyamwezi zilizozunguka Tabora, pamoja na zile za kusini ambako leo iko Wilaya ya Sikonge, zilipitia mkondo wa kinyume katika karne ya 19, kwa maana watu wake walikwisha kujuana kama watu wamoja njiani, ilhali nyumbani kila mmoja alibaki chini ya mtemi wake.

Mtemi, mtawala aliyeunganisha madaraka ya kisiasa na ya matambiko, aliongoza nchi ambayo mara nyingi haikuzidi vijiji vichache, na moja ya mapato yake ilikuwa hongo, yaani ushuru wa nguo, shanga au waya uliotozwa misafara iliyopita. Wajerumani walikuwa na tatizo linalofanana na hilo, la ushuru wa watawala wengi wadogo, kabla ya kuungana mwaka 1871, na walikuwa wameanza kulitatua kwa muungano wa forodha wa mwaka 1834. Huku Unyamwezi tatizo lilikabiliwa kwa bunduki. Mtemi Mirambo, ambaye mwandishi wa habari Stanley alimfananisha na Napoleon kwa sifa iliyochanganyika na hofu, aliingia vitani na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji, na Stanley mwenyewe, aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo.

Kusini zaidi, katika Ukimbu, alitokea Nyungu ya Mawe, mzaliwa wa ukoo wa kitawala wa Unyanyembe. Tofauti ya wawili hao inastahili kuangaliwa kwa makini. Mirambo alipoishinda nchi aliiacha mikononi mwa ukoo wa kitemi wa nchi hiyo, akimweka ndani ya ukoo huohuo mtu aliyemtii; Nyungu aliwaweka juu ya watemi wa Kikimbu mawakili wake walioitwa vatwale, ambao waliwajibika kwake yeye na wala si kwa ukoo wowote wa mahali. Wote walifariki mwaka 1884. Dola ya Mirambo ilianza kumeguka mara moja, kwa kuwa kila nchi ilikuwa bado na mtemi wa kurudi kwake, ilhali ya Nyungu ilirithiwa na binti yake Mgalula na ikadumu hadi wakoloni wa Kijerumani walipoivunja katika miaka ya 1890. Anayependa miungano yenye ofisi imara atamsifu Nyungu, ingawa ni vigumu kusema kwamba Wakimbu waliotawaliwa hivyo waliupenda utawala wake.

Umoja mwingine, usio na mkuu, ulikuwa ukikua katika misafara. Kijana aliyebeba meno ya tembo kwenda Bagamoyo, mwendo wa miezi takribani mitatu nyuma ya kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitoka nyumbani akiwa Msumbwa, Mkonongo au Mdakama, jina la watu wa kusini. Pwani aliitwa Mnyamwezi tu, na jina hilo alirudi nalo. Safari ilikuwa kipimo cha uanaume, na aliyekwisha kuiona bahari alipata heshima ya pekee. Kwa kuwa wapagazi wengi waliugua au kufa njiani, mbali na ndugu wa kuwazika, uhusiano wa utani na watu wa njiani kama Wagogo na Wazaramo ulikuwa na uzito kuliko mizaha yake, maana mtani aliruhusiwa kutukana na kujichukulia kitu, lakini alipaswa pia kumpokea mgeni na kushughulikia maziko yake. Hizo ni haki na wajibu zilizovuka mipaka ya watemi wote bila mkataba hata mmoja, na hapana shaka zilimfaa mpagazi kuliko ushindi wowote wa Mirambo.

Wajerumani walimshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwezi Januari 1893, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaondoa haja ya misafara mikubwa. Baada ya uhuru cheo cha mtemi kilifutwa kisheria. Utani haukuhitaji sheria ya kuufuta wala ya kuulinda: ulikwenda na vibarua hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako watu wa nchi mbalimbali za Tabora waliendelea kuitwa, na kujiita, Wanyamwezi.