Chuo Kidogo cha Stockton na Msimu wa Mwaka 1943

Mpira wa Kimarekani si kandanda. Huchukuliwa mikononi kuliko kupigwa kwa miguu, nao hutaka vijana wenye miili mikubwa na wachezaji wengi wa akiba. Kwa hiyo chuo chenye wanafunzi wachache kilizoea kushindwa na vyuo vikuu. Basi ilikuwaje katika mwaka 1943 College of the Pacific, chuo kidogo cha Kimethodisti katika mji wa Stockton, California, kikaishinda timu ya UCLA kwa 19 kwa 7, na timu ya Chuo Kikuu cha California pia?

Jibu halimo uwanjani, bali katika amri za kijeshi. Mwezi wa Julai mwaka huo Jeshi la Majini la Marekani lilianza mpango ulioitwa V-12, wa kuwasomesha vijana waliotazamiwa kuwa maofisa, nao waligawanywa katika vyuo 131. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na mpango wake, lakini liliwakataza vijana wake kushindana katika michezo ya vyuo, wanamaji waliruhusiwa. Tofauti hiyo moja ilipindua mambo. Stanford, chuo chenye mali na sifa, hakikuwa na timu tangu 1943 hata 1945, ilhali Pacific, kilichopewa wanamaji, kilijipatia wachezaji waliokwisha kufundishwa na wengine.

Mwalimu wao alikuwa Amos Alonzo Stagg, mzee wa miaka 81. Alikuwa amefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1892 mpaka 1932, akastaafishwa kwa kutimiza miaka 70, naye hakupenda kupumzika. Mwaka 1933 akaenda Stockton. Chicago wenyewe waliuacha mpira huo mwaka 1939, na chini ya majukwaa ya uwanja wao mtupu, ulioitwa kwa jina la Stagg, ndipo wataalamu walipofanikiwa kwa siri, tarehe 2 Desemba 1942, kuendesha mfululizo wa kwanza wa kupasuka kwa atomu.

Pacific walishinda michezo 7, wakashindwa 2, mmoja wao na USC kwa 6 kwa 0. Walimu wenzake wakamchagua Stagg kuwa mwalimu bora wa mwaka.

Wako watakaosema kwamba ushindi huo ulikuwa wa kuazima, na hawakosei sana. Lakini aliyeazima hakuwa Pacific peke yake. Elroy Hirsch alihamishwa kutoka Wisconsin kwenda Michigan kwa amri ya jeshi. Notre Dame, waliowekwa wa kwanza na waandishi wa magazeti, walinyang'anywa Angelo Bertelli baada ya michezo 6, alipoitwa mafunzoni. Na waliowekwa wa pili, Iowa Pre-Flight, hawakuwa chuo hata kidogo, bali kambi ya kuwafundisha marubani wa Jeshi la Majini. Katika mwaka kama huo jina la chuo lilikuwa kama jina la kituo cha njiani: abiria walishuka, wakapanda tena. Asiyeazimwa Stockton alikuwa yule mzee.

Wanamaji walipokwisha kwenda zao, timu ilidhoofika. Mwaka 1945 haikushinda mchezo hata mmoja. Stagg aliondoka Stockton baada ya msimu wa 1946, akafa mwaka 1965, naye alikuwa na umri wa miaka 102.